Ukungu wa Karisimbi na wapagazi 20



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo kiangazi chetu huku Goma. Mvua hupungua, na vumbi la mawe meusi hutanda barabarani. Hata hivyo hewa haikauki kabisa. Asubuhi nyingi ziwa Kivu hulala chini ya ukungu, na milima ya Virunga hujificha hata mgeni asijue kwamba kuna milima upande ule. Kijana akiona jua limetoka mjini saa nne, hudhani kwamba na huko juu ni hivyo hivyo. Basi leo twapenda kusema nanyi habari ya dhana hiyo, kwa maana imekwisha kuua watu.

Tutazameni kaskazini-mashariki ya mji. Huko wasimama Karisimbi, mrefu kuliko ndugu zake wote wa Virunga, mita 4,507. Jirani yake ni Mikeno, wenye mita 4,437, na mbavu zake zimesimama wima kama ukuta. Karibu nasi zaidi ni Nyiragongo, mlima wa moto, wenye mita 3,470. Jina la Karisimbi husemwa latokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya kombe nyeupe, kwa sababu mara kwa mara kilele chake huonekana cheupe. Weupe huo ni mvua ya mawe na theluji. Ndiyo, theluji hapa petu, karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Mwanafunzi mwenye kalamu na afanye hesabu hii pamoja nasi. Mtu akipanda mita 100, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya nusu digrii au zaidi kidogo. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Basi kilele cha Karisimbi kiko juu yetu kwa mita 3,000, na tofauti ya joto yakaribia digrii 18. Ikiwa mjini adhuhuri ni digrii 22, kule juu ni 4 tu. Usiku, mjini tukijifunika blanketi moja, kule maji huganda. Tena hewa yenyewe ni nyepesi: kila pumzi ya huko yampa mtu kama theluthi mbili tu za nguvu aipatayo kwa pumzi moja ya Goma.

Na ukungu watoka wapi? Hewa yenye unyevu wa ziwa na wa misitu husukumwa juu na miteremko ya mlima. Ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kuushika mvuke wake wote. Mvuke wageuka matone madogo sana. Kwa hiyo mtu atembeaye katika ukungu anatembea ndani ya maji, ijapokuwa hakuna mvua. Kwanza majani ya mianzi humlowesha mikono, kisha nguo, kisha viatu. Anapopanda hutoka jasho, na jasho humlowesha kwa ndani. Hasikii baridi maadamu anatembea. Akisimama kupumzika, upepo ukimpata, hapo ndipo hatari huanza.

Sasa tuwaambieni jambo lililotokea katika mlima huu huu. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Wajerumani, ulioongozwa na Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulipita katika nchi hizi ukichunguza milima, mimea na wanyama. Mtaalamu wake wa mawe aliitwa Egon Kirschstein. Mwanzoni mwa mwaka 1908 alipanda Karisimbi pamoja na wapagazi waliomchukulia mizigo. Karibu na kilele tufani ya mvua ya mawe na theluji iliwashukia ghafula. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Hawakuanguka gengeni, wala hawakuliwa na mnyama. Walikufa kwa baridi tu, mahali ambapo siku ya hewa safi mtu hutazama chini akaona mashamba ya migomba na watu wakiota jua.

Masimulizi ya msafara yasema kwamba wengi wa wapagazi wale walijilaza chini, wakakataa kuinuka, wakayakubali mauti kama jambo lililokwisha kuamriwa. Walioandika habari hizo zamani waliona humo tabia ya Mwafrika: kwamba hukata tamaa upesi na kuiita amri ya Mungu. Sisi twasema hapana. Waganga wa leo waijua vema dalili hiyo, nayo humpata Mzungu wa milima ya Ulaya sawasawa na mtu wa Kivu. Baridi ikiingia ndani ya mwili, kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole vyake haviwezi kufunga kifungo, ulimi wake huwa mzito, naye hujikwaa kama mlevi. Halafu kutetemeka kwenyewe hukoma, na utulivu wa ajabu humjia. Haombi msaada. Husema, "Niacheni nilale kidogo." Aliyekata tamaa hapo ni ubongo uliopoa, si moyo. Mtu huyo hakuchagua kufa, bali uwezo wa kuchagua umeondoka pamoja na joto lake.

Basi tusimsingizie Mungu jambo ambalo blanketi kavu lingelizuia. Watu waliozoea joto la chini, wakipelekwa mahali pa theluji na mizigo kichwani na nguo nyepesi mwilini, hufa wa kwanza. Hii ni kazi ya hesabu na ya uangalizi, wala si fumbo.

Labda msomaji mmoja atasema: "Mwalimu, sisi si watalii. Tena miaka hii ya vita imewazuia wengi kupanda milima." Ni kweli, vita vimeyavuruga mengi. Lakini baridi ya mlimani haikuwekwa kwa ajili ya watalii. Yupo mama ashukaye kutoka Kibumba alfajiri, mtoto mgongoni, katika ukungu unaolowesha kama mvua. Yupo kijana wa chikudu abebaye makala au mboga, jasho likimtoka penye mwinuko na upepo ukimkausha penye mteremko. Wapo wale waliokimbia nyumba zao usiku, wakavuka vilima na watoto wadogo, bila kitu cha kujifunika. Kwa hao wote, maarifa haya ni mali kuliko yalivyo kwa mwenye viatu vizuri na hema.

Yatupasa kuyashika mambo machache, nasi twawaomba walimu wayafundishe darasani.

Kwanza, nguo moja kavu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, wala isivaliwe njiani hata baridi ikiuma. Hiyo ni ya kuvaa mkisimama au mkikwama. Sweta ya sufu ni bora kuliko fulana ya pamba, kwa maana pamba ikiloa hunyonya joto la mwili.

Pili, katika ukungu kundi lisitawanyike. Atangulie mwenye miguu mizito, wala si mwenye mbio, na kila mtu asikie sauti ya mwenzake. Mwenda pole hajikwai. Kabla ya kuondoka pataneni saa ya kurudi, nayo ikifika rudini, hata kama kilele kinaonekana. Mlima utakuwapo kesho.

Tatu, mwenzenu akianza kujikwaa na kusema maneno yasiyofuatana, msimwulize kama anaweza kuendelea. Atasema anaweza, au atasema mwacheni. Mwamuzi ni ninyi. Mwondoeni penye upepo, mvueni nguo zilizoloa, mvisheni zilizo kavu, mfunikeni pamoja na mtu mwenye joto, na chini yake tandikeni majani au magunia, maana ardhi nayo hunyonya joto. Akiwa macho na aweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Wala msimpe kasiksi au pombe kali. Pombe huleta joto la uongo kwenye ngozi, huku joto la kweli latoka mwilini. Mkiisha kumsitiri, tafuteni msaada, na mmoja abaki naye.

Nne, jambo hili ni la nchi yetu hasa. Mahali pengine mtu huambiwa ajifiche upepo ndani ya bonde dogo. Katika mawe ya volkano ya Goma na ya Sake hilo laweza kuua, kwa sababu ya mazuku. Mazuku ni hewa ya kaboni itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukusanyika mashimoni, hasa usiku na alfajiri, upepo ukitulia. Haionekani. Ukikuta mashimoni ndege au mbuzi waliokufa bila jeraha, ondoka upesi uende penye mwinuko. Jisitirini nyuma ya ukuta au mwamba, wala si shimoni.

Tano, na hili twawaambia wenye kuajiri: mchukua mzigo ana mwili kama wa mwenye mzigo. Katika mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, kanuni za leo zinakataza kumtwisha mpagazi zaidi ya kilo 20 za mizigo ya mgeni. Kanuni hiyo ni njema, lakini mizani haitoshi. Kabla ya kuwauliza wapagazi kama mizigo imefungwa, mwenye safari awaulize kama wana koti na viatu, na watalala wapi. Asiyeweza kumvika mpagazi wake, asipande.

Jina la Kirschstein limo vitabuni mpaka leo, na wale waliomchukulia mizigo wametajwa kwa hesabu: 20. Walikuwa na mama zao, na huenda wengine walikuwa na wake waliowangoja mwezi mzima. Hatuwezi kuwarudishia pumzi yao. Lakini twaweza kuyafuta maneno yaliyosemwa juu yao, kwamba walitaka kufa. Na tukimwona mwenzetu ameketi kando ya njia katika ukungu, kimya, asiyetetemeka tena, tumwinue.