Kocha, Mimi Pia Niko Kwenye Huu Mfumo

Wasee, leo sina stori ya mtu aliyeachwa. Leo niko na hasira ya mechi zilizochezwa mwaka wa 2008, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunalia tukipelekwa chekechea. Chekeni tu. Nimekaa na hii kitu wiki mbili na lazima itoke.

Wanaonifuata kitambo wanajua mimi ni mlevi wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, na hasa ya vyuo. Inanifaa kwa sababu mechi ya saa sita mchana kule Michigan ni saa moja jioni hapa Nairobi, unaangalia ukingoja chapati zigeuke. Na wakati hakuna mechi, mimi huingia YouTube kutafuta za zamani. Hapo ndipo nilikutana na Michigan ya 2008, na hapo ndipo rafiki yangu mmoja akaniudhi.

Acha niwaeleze kidogo ili tuwe pamoja. Michigan ni chuo kikuu, kiko mji unaoitwa Ann Arbor, na uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 100,000. Chuo, ndio. Ukijaza Kasarani mpaka watu wakalie ngazi, bado hao mashabiki hawataenea. Kwa miaka mingi walicheza mpira wa kizee lakini unaoheshimika: kwotabeki mrefu mwenye mkono wa nguvu anasimama nyuma ya majamaa wakubwa kama malori, anarusha mbali, ama anampa mkimbiaji mpira na huyo anapasua katikati. Chini ya kocha Lloyd Carr walichukua ubingwa wa kitaifa msimu wa 1997 wakicheza hivyo. Carr akastaafu mwisho wa msimu wa 2007, na chuo kikaenda kumchukua Rich Rodriguez kutoka West Virginia.

Rodriguez hakuwa mtu wa hivi hivi. Ni mmoja wa makocha waliofanya mfumo wa spredi ujulikane. Hapo unawatawanya wachezaji wako uwanja mzima, kushoto kulia, ili walinzi nao watawanyike, halafu unakimbilia nafasi zilizobaki. Siri yake iko hapa: kuna mlinzi mmoja wa pembeni unamwacha makusudi, hakuna mtu anamzuia. Kwotabeki anamwangalia. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kukimbia mwenyewe. Mlinzi akibaki pale pale, mpira unaenda kwa mkimbiaji. Yaani huyo mlinzi kila akichagua amekosea. Tamu sana. Lakini inataka kwotabeki mwenye miguu, na kule West Virginia Rodriguez alikuwa na Pat White, jamaa aliyekuwa akikimbia unadhani ameibia mtu.

Michigan alimpata nani? Kwotabeki aliyetarajiwa, Ryan Mallett, alikuwa mrefu wa futi sita na inchi sita, mkono kama manati. Aliangalia huo mfumo akajua hapa hakuna kazi yake. Akahamia Arkansas, akakaa nje msimu mzima kwa sababu sheria za wakati huo zilikuwa hivyo, na baadaye akaingia NFL. Justin Boren, mmoja wa wale malori wa mbele, akahamia Ohio State, mahasimu wakubwa kabisa wa Michigan. Ni kama mtu atoke Gor aende Ingwe, tena nyumbani wakimwona.

Akabaki Steven Threet. Urefu futi sita na inchi tano. Alikuwa amejiunga na Michigan mwaka wa 2007, Carr akiwa bado kocha, kwa hivyo alikuja kuwa kwotabeki wa kizee kwenye timu ya kizee. Ghafla anaambiwa wewe ndiye utakuwa ukimwangalia mlinzi na kuamua kama unakimbia. Maze, ni kama kuajiriwa dereva wa lori halafu siku ya kwanza unapewa bodaboda na kuambiwa tunachelewa.

Matokeo mnaweza kuyakisia. Ushindi 3, kupoteza 9. Michigan walikuwa wamecheza mechi za baada ya msimu kila mwaka tangu 1975, na hiyo rekodi ikafa hapo. Walifungwa na Toledo 13-10 nyumbani, na kabla ya siku hiyo Michigan hawakuwa wamewahi kupoteza kwa timu yoyote ya ligi ndogo anayocheza Toledo. Ohio State wakawapiga 42-7.

Sasa rafiki yangu. Nikimwonyesha hizi vitu, jibu lake lilikuwa moja: "Wangempa muda. Mfumo ni mfumo, wachezaji ndio wanafaa kujipanga." Huyu ni mtu wa Man U, kwa hivyo hiyo sentensi ameifanyia mazoezi. Aliisema pia wakati Amorim alikataa kuacha mabeki wake watatu na timu ikamaliza nambari 15.

Nitamtendea haki kwanza, kwa sababu hoja yake iko na miguu. Mwaka wa pili Michigan walishinda 5, mwaka wa tatu 7. Inapanda. Na mwaka huo wa tatu, 2010, Rodriguez hatimaye alikuwa na mtu wake aliyemsajili mwenyewe: Denard Robinson, mtoto wa Florida aliyekuwa akicheza kamba za viatu zikiwa hazijafungwa. Huyo alikimbia yadi 1,702 na kurusha zaidi ya 2,500 msimu huo huo mmoja. Kwenye mechi ya Notre Dame peke yake alileta yadi 502, yeye pekee. Mfumo ulifanya kazi! Shida ilihamia upande mwingine, ulinzi ukawa kama neti ya mbu iliyotoboka. Kuna mechi walimpiga Illinois 67-65. Hiyo si basketboli, ni futiboli, na walihitaji vipindi vitatu vya nyongeza. Mwezi wa kwanza 2011, baada ya kupigwa 52-14 na Mississippi State, Rodriguez akafutwa. Kocha aliyemfuata, Brady Hoke, akashinda 11 na kupoteza 2 msimu wake wa kwanza, kwa sehemu kubwa na wachezaji wa Rodriguez.

Kwa hivyo ndiyo, ukiniuliza kama mfumo ulikuwa mbaya, nitasema hapana. Na pia nitakubali kwamba mwaka wa 2008 karibu safu nzima ya mashambulizi ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeondoka, wengine wamemaliza chuo, wengine wameenda NFL. Hata Carr angeteseka.

Lakini swali langu ni lingine. Huo muda ambao kila mtu anasema kocha apewe, unatoka kwa akaunti ya nani?

Mchezaji wa chuo ana misimu minne. Basi. Hana mkataba wa miaka kumi, hana timu ya pili inayomngoja. Ukisema "tuvumilie miaka mitatu ya kujenga," umemaliza karibu maisha yake yote ya mpira. Rodriguez alifutwa, ni kweli na iliuma, lakini kabla ya mwaka huo kuisha alikuwa amepewa Arizona, na mwisho wa 2024 West Virginia wenyewe wakamrudisha. Kocha ana awamu ya pili, ya tatu, ya nne. Threet alikuwa na msimu mmoja wa kuongoza Michigan, na ulikuwa ule wa 3-9.

Hapa lazima niseme ukweli wangu, kwa sababu kuna mtu kwenye komenti atauliza mbona nimechemka hivi kwa sababu ya watu nisiowajua.

Mwaka wangu wa pili koleji nilikuwa nacheza basketboli. Si kujigamba, lakini chini ya ringi nilikuwa mtu. Sina mbio, sina shuti ya mbali, ila mpira ukiruka karibu na mimi ni wangu. Tukapata kocha mpya, kijana, amesoma, ana laptopu yenye video. Akasema sasa kila mtu anasimama nje ya mstari, wote watano, tunapiga za mbali, hakuna mtu wa kukaa chini ya ringi tena. Alikuwa sawa, dunia nzima inacheza hivyo. Shida ni mimi nikipiga kutoka mbali hata ubao unanionea huruma. Nilijaribu. Nilikuwa nafika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi peke yangu, napiga, naokota, napiga. Baada ya mechi nne nikawa wa benchi, na hakuna siku hata moja kocha alikaa na mimi akaniambia, "Sikia, kwa huu mfumo wewe naweza kukutumia hivi." Alichoniambia ni nijipange. Nikajipanga nikaacha timu. Mpaka leo sijui kama nilikuwa mnyonge ama nilikuwa sahihi. Siku zingine naona hivi, siku zingine vile.

Ndio maana LSU ya 2019 huwa inaniumiza na kunifurahisha kwa wakati mmoja.

LSU walikuwa na kwotabeki anaitwa Joe Burrow. Msimu wa 2018, kwenye mfumo wao wa kizee, alirusha tachidauni 16. Kijana mzuri, wa kawaida. Kocha Ed Orgeron akamleta Joe Brady, ambaye hakuwa hata amefika miaka 30, kutoka New Orleans Saints. Angalia vile walifanya: hawakumfukuza mwalimu wa zamani wa mashambulizi, Steve Ensminger. Walimwongezea Brady kando yake. Wakawatawanya wapokeaji, hadi watano kwa mpigo, wakamwachia Burrow aamue. Na Burrow alikuwa ameucheza mpira wa aina hiyo tangu sekondari kule Ohio. Mfumo mpya ulikuwa mpya kwa LSU, kwake ulikuwa kama kurudi nyumbani.

Mtu yuleyule, jezi ileile: tachidauni 60, yadi 5,671, pasi zake 76 katika kila 100 zikifika. Mechi 15, ushindi 15. Walimshinda Alabama 46-41 baada ya kupoteza kwao mara nane mfululizo, na fainali wakampiga Clemson 42-25.

Najua mtaniambia Burrow alikuwa anawarushia Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, na ukiwa na hao wawili hata mimi naweza kuonekana kocha. Sawa. Lakini Jefferson alikuwa pale 2018 pia. Chase pia. Kitu kilichobadilika ni kwamba mtu aliangalia waliomo ndani ya nyumba kabla ya kupanga fanicha. Rodriguez, vile mimi naona, alikuja na fanicha ya nyumba nyingine na kuanza kusukuma kuta.

Siku hizi kuna kitu kimebadilika na wazee wa ule mchezo wanalia sana. Tangu 2021 mchezaji wa chuo aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama zaidi, mradi masomo yake yako sawa. Kocha mpya akija leo na mfumo usiokufaa, msimu ukiisha umeshafungasha. Wanasema vijana hawana uaminifu tena. Mimi nasema makocha wamekuwa wakiondoka usiku wa manane miaka yote hiyo. Rodriguez mwenyewe aliacha West Virginia kabla ya mechi yao ya mwisho ya msimu. Hakuna aliyemwambia akae nje mwaka mmoja. Najua uhuru huu una ubaya wake, kuna timu zinabomoka kila mwaka na kuna watoto wanahama halafu hawapati pa kutua. Bado nauchagua. Mallett alilipa msimu mzima kwa sababu watu wazima walibadilisha mipango yao.

Kuna mechi moja ya 2008 nataka mkaitafute. Michigan na Wisconsin, mwezi wa tisa. Mapumziko Michigan wako chini 19-0 na mashabiki wao wenyewe wanazomea. Wanarudi, wanaanza kufunga, na robo ya nne Threet, yule mrefu, lori letu la bodaboda, anamwangalia mlinzi, anaona ameenda na mkimbiaji, anabaki na mpira. Anakimbia yadi 58. Anakimbia vibaya, magoti juu, kama mtu anavuka Thika Road na mkebe wa maziwa. Michigan wakashinda 27-25.

Msimu ulipoisha akahamia Arizona State, akakaa nje mwaka wake, akaongoza timu 2010, kisha akaacha mpira kabisa kwa sababu ya kugongwa kichwa mara nyingi. Nimeangalia hiyo mbio labda mara thelathini. Rafiki yangu wa Man U nimemtumia pia, ameniachia tiki mbili za buluu.