Mfumo wa Moto wa Pikipiki Unaoprogramiwa: Ubunifu wa Gereji Wahitaji Vipimo Kabla ya Barabara

Katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtama, mkoani Lindi, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayomwahi mgonjwa kumfikisha Hospitali ya Mtakatifu Walburg, Nyangao. Ndiyo inayobeba mifuko ya salfa kwenda mashambani wakati wa kupulizia mikorosho, na ndiyo inayowaunganisha wakazi wa uwanda wa juu wa Rondo na barabara ya lami itokayo Mnazi Mmoja kuelekea Masasi. Kwa kijana anayeiendesha, pikipiki inayogoma kuwaka ni siku isiyo na kipato. Kwa abiria aliye katikati ya pori, ni hatari.

Mara nyingi chanzo cha kugoma huko ni kiboksi kidogo cha plastiki kilichofichwa chini ya kiti, ambacho mafundi wanakiita CDI. Kiboksi hicho ndicho kinachoamua ni lini plagi iteme cheche ndani ya silinda. Kikiungua hakitengenezeki, kwa kuwa kimejazwa gundi ngumu, na mmiliki hana budi kununua kingine. Vipuri hivyo hutoka nje ya nchi na kusafirishwa kutoka Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika Wilaya ya Kilwa, mikoa ya kusini ilionja maana ya kutegemea njia moja kwa kila kitu, vikiwamo vitu vidogo.

Ndiyo maana swali la iwapo fundi wa Kitanzania anaweza kujitengenezea kifaa hicho, tena kilicho bora zaidi kwa kuwa kinaprogramiwa, linastahili kuchambuliwa kwa makini. Jibu fupi ni kwamba anaweza. Ugumu haupo katika kukitengeneza, bali katika kuthibitisha kwamba kinafaa kupanda nacho abiria.

Kanuni ya kazi yake si ngumu kueleweka. Pembeni mwa magneti inayozunguka pamoja na krenki kuna kihisio kinachoitwa pulsa. Kila magneti inapokamilisha mzunguko, pulsa hutoa ishara. CDI hupokea ishara hiyo na kuachia kwa mkupuo umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita kwa kiwango cha volti mia kadhaa. Umeme huo hupita kwenye koili, ambako hupandishwa hadi maelfu ya volti, na hatimaye kuruka kama cheche kwenye ncha ya plagi.

Jambo la msingi ni wakati wa cheche hiyo. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui papo hapo, huhitaji muda. Kwa sababu hiyo cheche hutolewa kabla pistoni haijafika kileleni. Katika injini nyingi ndogo, mwendo wa taratibu huhitaji cheche itangulie kwa takribani digrii 10 hadi 15 za mzunguko wa krenki, na mwendo wa kasi huhitaji digrii 30 au zaidi. Cheche ikitangulia mno, injini hugonga, hupata joto kali na pistoni inaweza kutoboka. Wakati wa kuwasha, kiki inaweza kurudi kwa nguvu na kuumiza mguu wa dereva. Cheche ikichelewa, nguvu hupungua, petroli hupotea na ekzosi huchemka kupita kiasi.

CDI ya kiwandani hubeba mpangilio mmoja usiobadilika. Mfumo unaoprogramiwa huondoa kizuizi hicho kwa kuweka chipu ya kompyuta kati ya pulsa na koili. Fundi huandika jedwali linaloieleza chipu: kwa mizunguko kadhaa kwa dakika, toa cheche kwa digrii kadhaa. Anaweza pia kuweka ukomo wa mizunguko ili injini isizungushwe kupita uwezo wake, au namba ya siri inayozuia pikipiki kuwashwa na mwizi. Bodi za kujifunzia zenye chipu za aina hiyo, kama Arduino iliyoanzia Italia mwaka 2005, zina michoro iliyo wazi kwa umma, na programu za kuanzia zinapatikana bila malipo. Umeme ulipofika vijijini, pasi ya kulehemu solda nayo ilipata nafasi kwenye meza ya fundi wa kijijini.

Hata hivyo, hesabu ndogo inatosha kuonesha kwa nini urahisi huo unaweza kudanganya. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 40, na digrii moja huchukua takribani mikrosekunde 111. Ikizunguka mara 6,000, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 10, na digrii moja huwa takribani mikrosekunde 28 tu. Tuseme programu iliyoandikwa vibaya inachelewa kwa mikrosekunde 140. Katika mwendo wa taratibu kosa hilo ni la digrii moja na kidogo, na hakuna atakayelibaini. Katika mizunguko 6,000 kosa hilohilo linakuwa la digrii 5, kiasi cha kutosha kupunguza nguvu ya injini na kuongeza joto.

Tafsiri yake kwa gereji ni nzito. Pikipiki inayonguruma vizuri ikiwa imesimama haijathibitisha lolote kuhusu kifaa kilichofungwa. Kasoro ya aina hii haijitokezi mbele ya fundi. Hujitokeza barabarani, chombo kikiwa kwenye kasi au kikipanda mlima wa Rondo na mzigo. Kwa mantiki hiyo, kipimo cha kwanza cha mfumo uliotengenezwa nyumbani ni taa ya taimingi, inayomulika alama ya magneti na kuonesha cheche inatoka katika digrii ipi, na kipimo hicho lazima kifanyike katika kasi zote ambazo injini itatumika.

Kipimo cha pili ni mazingira. Mtama na ukanda wa pwani wa Lindi una unyevu, vumbi la barabara zisizo na lami na mvua za masika. Joto la injini na mtikisiko wa njia mbovu hulegeza viungio vya solda. Bodi iliyotengenezwa kwa kujifunzia mezani haikuundwa kwa hali hiyo, hivyo huhitaji kasha lisilopitisha maji, soketi zinazobana na kinga dhidi ya mawimbi ya umeme yanayorudi kutoka kwenye koili, ambayo yanaweza kuiduwaza chipu katikati ya safari.

Kipimo cha tatu ni namna kifaa kinavyoharibika. Kila kifaa huharibika siku moja. Kilicho salama ni kile kinachoharibika bila kudhuru. Chipu ikipoteza ishara ya pulsa inapaswa kusitisha cheche, si kuitoa kwa kubahatisha. Namba ya siri isiweze kuzima injini inayotembea. Aidha, mfumo mpya ukifungwa kwa soketi ileile ya CDI ya kiwandani, dereva anaweza kuweka CDI ya awali chini ya kiti na kuirudisha kwa dakika chache akikwama njiani. Tahadhari hiyo ya mwisho haina gharama kubwa, lakini ndiyo inayotenganisha usumbufu mdogo na mgonjwa kucheleweshwa hospitali.

Upande wa sheria nao una neno. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kinachotembea barabarani kiwe katika hali nzuri, na wajibu huo hauondoki kwa sababu sehemu imetengenezwa na mbunifu wa ndani. Vilevile pikipiki nyingi za biashara hupatikana kwa mkopo au kwa mkataba, na baadhi zimefungwa vifaa vya kufuatilia mahali zilipo vilivyounganishwa na waya za mfumo wa moto. Dereva asiyemaliza marejesho hana mamlaka kamili juu ya waya hizo. Kuzigusa bila ridhaa ya mmiliki kunaweza kumweka katika ukiukaji wa mkataba, hata kama nia ilikuwa njema.

Kwa fundi anayetaka kuvuka hatua ya kutengeneza kifaa kimoja kwa ajili ya rafiki, njia rasmi ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutathmini na kutoa vyeti kwa mafundi waliojifunzia kazini, nje ya mfumo rasmi. Cheti hicho humpa fundi utambulisho mbele ya mteja na taasisi za fedha. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yana kundi la wabunifu wa sekta isiyo rasmi, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, huwaendeleza wabunifu wanaoibuliwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pale bidhaa inapohitaji kupimwa na kupewa alama ya ubora.

Kuhusu mtaji, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi kinachoomba mkopo wa taa ya taimingi na vifaa vya kupimia kina hoja yenye nguvu, kwa kuwa vifaa hivyo huhudumia pia pikipiki zisizo na mfumo mpya.

Kuhusu hataza, matarajio yawe ya kweli. Hataza, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, wenye hatua ya kibunifu na unaotumika kiviwanda. Mfumo wa moto unaoprogramiwa umekuwapo duniani kwa miaka mingi, hivyo kuunganisha michoro iliyo wazi hakumpi mtu umiliki wa wazo. Kinachoweza kulindwa ni suluhisho jipya, na mbunifu mwenye jambo jipya kweli anashauriwa kufika BRELA kabla ya kulionesha hadharani.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Kifaa cha aina hii kinaweza kuwa somo zuri kwa mkondo huo, kwa sababu kinamlazimu mwanafunzi kuunganisha hisabati ya muda, fizikia ya umeme na ufundi wa mikono katika kazi moja ambayo matokeo yake yanasikika kwa sikio na kupimika kwa taa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa fundi wa pikipiki, daftari hilo ni orodha ya kila jedwali aliloandika, kila kasi aliyopima, saa ambazo kifaa kimefanya kazi na kila mara kilipozimika. Bila rekodi hiyo, mkaguzi wa viwango hana cha kukagua, halmashauri haina cha kukopesha na fundi mwenyewe hawezi kujua kama kifaa cha kumi ni salama kuliko cha kwanza. Na abiria anayepanda pikipiki Mtama saa nane za usiku kuelekea Nyangao haoni kilichomo chini ya kiti. Anachokitegemea ni kwamba kuna mtu aliyekipima kabla yake.