Sala Fupi ya Njiani



Mama mmoja wa Mokambo aliniuliza, kisha misa: «Mwalimu, miye nitasali saa ngapi? Saa kumi ya usiku niko tayari mu njia. Nikirudia ku nyumba kuko bukari, kuko batoto, kisha paka usingizi.» Mama huyu anauzisha unga. Anaitosha Mufulira, anaipitisha mpaka juu ya kinga. Ninyi wa Mokambo munajua kazi ile: kungojea, kusukumana, kungojea tena nyuma ya makamiyo yenye kutoka Chembe.

Nikamwambia: «Mama, sema tu: Bwana Yesu, unihurumie. Ukisukuma kinga, sema. Ukiwasha makala, sema. Ukingojea, sema.»

Si mimi niliyevumbua jambo hili. Watawa wa jangwa la Misri walisali hivi tangu karne ya 4, mikono ikisuka mikeka na vikapu. Mtakatifu Augustino aliandika juu yao kwa mjane Proba: sala zao ni nyingi lakini fupi sana, zinatupwa mbio kama mishale. Kasiano, aliyekaa kati yao, alifundisha neno moja la Zaburi ya 70, la kumwomba Mungu aje upesi kusaidia. Alitaka mtu aliseme akisafiri, akifanya kazi, akilala. Mpaka leo mapadri na masista wanaanza nalo sala za vipindi. Na kipofu Bartimayo? Yeye hakuwa hata kanisani. Alikuwa ameketi kando ya barabara ya Yeriko, akapaza sauti, watu wakamkemea anyamaze. Mokambo pia watu hukemewa kando ya barabara.

Wengine wanaigeuza sala hii kuwa dawa: niseme mara mia, mzigo upite. Hapana, ndugu. Mzigo utapita siku yake.

Baada ya majuma machache mama alirudi, uso umekunjamana. «Mwalimu, sala yako inanisumbua.» Rafiki yake alikopa franka zote za biashara, akavuka nazo, miezi sita bila habari. Sasa amerudi, na kila asubuhi wako pamoja mu mulongo. «Nikisema ‹unihurumie›, namuona yeye. Mudomo inakatala kumaliza.»

Kusema kweli, nilikosa jibu. Nilimpa sala ile ili apumzike kidogo, sikufikiri kwamba itamchimbua hivi. Mwishoni nikamwambia ajaribu kusema «utuhurumie», kama tunavyosema katika misa. Alinitazama vibaya. «Huyu ‹tu› ni muzito kuliko gunia,» akasema, akaenda.

Sikumwona karibu mwezi mzima. Siku ya Mungu moja alinikuta mlangoni mwa kanisa. Yule rafiki, asema, alikuwa mbele yake mu mulongo, mtoto mgongoni anawaka homa, na hakuna wa kumwachia vitu. «Nilimushikia kinga yake na unga yake, ili akimbie kwa munganga. Nilingojea mpaka saa nane.»

«Na deni?»

«Hajalipa, Mwalimu. Siku ya posho nitamudai tena. Lakini sala, ile namaliza.»