Mtoto Akirudi Kutoka Bamburi, Msikilizeni



Mara kwa mara walimu huwaomba wazazi nauli ya basi ili watoto wa shule za msingi wapelekwe kujifunza habari za kilimo, miti na wanyama. Wa Likoni huvuka kwa feri, wa Changamwe hupitia mjini, na wa Kisauni hawana safari ndefu. Wengi huenda Haller Park, pale Bamburi. Wakirudi twawauliza wameona nini, nao hujibu: twiga, kiboko, mamba. Nasi twaridhika. Mimi naona tusiridhike upesi. Nauli ile imenunua somo kubwa kuliko twiga, na somo hilo latuhusu sisi wenye mashamba.

Fikirini mahali pale palikuwaje. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Kilichimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki shimo kubwa jeupe, lisilo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 Bwana René Haller akaanza kupanda miti humo. Aina 26 zilijaribiwa. Zilizostahimili ni 3 tu, na mmoja wao ni mvinje. Mizizi ya mvinje hukaa na vijidudu ambavyo huupatia mti chakula kutoka hewani. Lakini majani yake yalipoanguka hayakuoza. Yalilala tu juu ya jiwe. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo wakayala majani yale, na mavi yao yakawa udongo mweusi. Katika udongo huo miti mingine ikaota, ndege wakaja, na leo pana msitu.

Haya, mtoto ameyasikia hayo. Jioni anafika nyumbani, anamkuta mzazi amekusanya majani ya mwembe na mabua ya mahindi, anatia kiberiti. Akisema, "Mwalimu ametuambia majani ni udongo," huambiwa anyamaze, yeye ni mtoto. Hapo nauli imepotea. Tena kuna hasara iliyo kubwa zaidi: mtoto amejifunza kwamba ya shule ni ya shule, na kwamba shambani hakuna la kujifunza. Huyo akirithi shamba, atatafuta mnunuzi kabla ya kutafuta jembe. Nanyi mlio katika skimu za Mtwapa na Shimba Hills mwajua kuwa pwani yetu haikosi wanunuzi wa viwanja.

Mtaniambia kuwa moto huua wadudu, na lundo la majani hufuga nyoka. Ni kweli, muhogo wenye batobato ung'olewe usibaki shambani, na lundo lisiwekwe karibu na mlango. Lakini udongo wetu mwingi ni wa mchanga, haushiki maji. Majani yaliyotandazwa huzuia unyevu usitoke upesi, kisha huoza yakawa mbolea. Yaliyochomwa huacha jivu kidogo, nalo huchukuliwa na upepo na mvua ya kwanza.

Basi yafaa tufanye hivi. Kabla ya masika, mpeni mtoto kipande cha hatua 10 kwa 10. Akigawe nusu kwa nusu. Upande mmoja atandaze majani katikati ya mistari ya mahindi. Upande wa pili auache wazi. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, na palizi iwe sawa. Aandike katika daftari siku za mvua, siku za palizi, na hesabu ya mahindi ya kila upande. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msimfanyie kazi yake, wala msimpe jembe kama adhabu, maana anayeadhibiwa kwa jembe hulichukia maisha yake yote.

Vyama vya 4-K vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1962, na kuzinduliwa upya mwaka 2021, vina maneno haya: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. K ya pili ni Kufanya; si Kutazama. Safari ya Bamburi ni ya kutazama, na ni njema. Kufanya kunabaki kwenu, kwa sababu ninyi ndio wenye ardhi.

Siku ya kuvuna, mwiteni mwalimu aje na darasa lake kuhesabu mahindi ya pande zote mbili. Safari hiyo haitaki nauli ya basi.