Dari ya Gari Ikilegea

Katika magari mengi yaliyokwisha kula miaka barabarani hutakosa kuona kitambaa cha dari kimeachia na kuning'inia kama chandarua kilichofunguka pembe moja. Abiria wa nyuma huinamisha kichwa. Dereva naye akitazama kioo cha ndani huona kitambaa badala ya magari yanayomfuata. Hapo jambo si la urembo tena.

Yafaa kwanza kuijua sababu. Volkswagen za zamani, zile za umbo la kobe, zilikuwa na kitambaa kilichowambwa juu ya nyaya zilizopinda. Magari mengi yaliyofuata yana ubao mwepesi ulioshindiliwa kwa umbo la paa, kisha sponji nyembamba, kisha kitambaa. Kinachokufa ni sponji. Joto la gari lililoanikwa juani, likikutana na unyevu wa hewa kama huu wetu wa pwani, huigeuza kuwa unga. Basi anayepenyeza gundi nyuma ya kitambaa hicho anagandisha nguo juu ya vumbi, na baada ya muda mfupi itaachia tena. Pini ni mbaya zaidi, kwani hulegea na kuwaangukia watu machoni.

Hapana budi kuushusha ubao wote. Lakini kabla ya kushika bisibisi, zitazame nguzo za pembeni mwa vioo. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria wakati wa ajali, na baadhi yake imefichwa kwenye kingo za dari, juu ya milango. Dalili yake ni herufi SRS zilizochapwa juu ya plastiki ya nguzo. Ukizikuta, mpe kazi fundi aliyejifunza mifumo hiyo, hata kama bei yake inauma. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu ya baruti, nawe utakuwa umeuwekea uso. Wala usizivike nguzo hizo kitambaa au ngozi ya bandia kwa kutafuta urembo, maana mfuko hupita hapo hapo kumfikia mtoto aliyeketi dirishani.

Gari lisilo na mifuko hiyo darini ni kazi ya siku nzima kwa watu wawili. Fungua waya hasi wa betri. Ondoa taa ya ndani, vikinga jua, vishikio na plastiki za kando. Kila skrubu itie katika mfuko wake. Laza viti, kisha mtoe ubao kwa mlango wa nyuma bila kuukunja, kwani ukivunjika hauna dawa. Vaa barakoa, ubandue unga wote kwa brashi mpaka ubao uwe msafi. Wengi huchoka hapa na kuacha mabaka. Ni mabaka hayo yatakayoachia kwanza.

Nunua kitambaa chenye sponji yake mgongoni na gundi inayostahimili joto, si ile nyeupe ya maseremala. Kikunje kitambaa nusu, upake gundi pande zote mbili, ubaoni na mgongoni mwa kitambaa, ungoje mpaka ishike kidole bila kuvutika, ndipo ukilaze kwa kiganja kuanzia katikati kwenda kando. Nusu ya pili ifuate hivyo hivyo. Usikivute kwa nguvu penye bonde. Kifuate bonde, la sivyo kitajiinua. Zile plastiki za kando, kama zimepauka, zioshe kwa sabuni, zipige msasa laini, halafu rangi ya plastiki kwa matabaka membamba.

Kazi ya gundi ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa, hata kama jiko liko ng'ambo ya pili ya uwanja. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kimya kimya hadi uukute moto. Watoto wasichezee hapo, wala kopo lisilale chumbani wanamolala.

Ubao uache ukauke usiku kucha kabla ya kuurudisha. Harufu ikiwa bado kali, acha milango wazi siku nyingine moja. Familia ipande daladala.