Dawa ya Ebola ilizaliwa Kongo, akiba yake iko mbali

ROHERO, Bujumbura. Mwenye duka wa Rohero anayefuata mzigo Uvira hajausahau mwaka 2019. Agosti mwaka huo Burundi ilianza kuwachanja wahudumu wa afya pale Gatumba. Siku chache kabla, mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa saa kadhaa baada ya Ebola kuingia Goma. Kwa anayeuza nyanya, saa kadhaa ni mtaji.

Mwezi huohuo kulitoka habari njema ambayo wengi sokoni hawakuisikia. Jaribio la dawa nne lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya INRB, lilisimamishwa mapema kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimewaacha wenzao mbali. Kati ya waliopewa ZMapp, nusu walifariki. Kwa mAb114 walifariki 35 katika kila 100, na kwa wale ambao virusi vilikuwa bado vichache mwilini, kama 10 tu.

mAb114 ni kingamwili. Chimbuko lake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Miaka 11 baadaye damu yake bado ilikuwa na kinga. Kirusi hujipenyeza kwenye seli kwa protini iliyo juu ya gamba lake, kama ufunguo kwenye kufuli. Kingamwili hiyo huganda kwenye meno ya ufunguo, kirusi kikabaki nje. Mgonjwa hutundikiwa dripu mara moja tu.

Ila kila siku ya kuchelewa hupunguza nafasi ya kupona. Hapo ndipo mfanyabiashara hujiponza: anaficha homa mpakani asije akatenganishwa na mzigo wake.

Tena ufunguo si mmoja. Dawa hizi ni za Ebola ya aina ya Zaire. Kirusi cha Sudan kilichoipiga Uganda 2022 na 2025 hakizijali.

Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza rasmi Agosti 2022, lakini Madaktari Wasio na Mipaka wamelalamika kuwa sehemu kubwa ya akiba imehifadhiwa Marekani. Kongo sasa ni mwanachama wa Jumuiya, na tume ya Jumuiya ya utafiti wa afya ina makao yake hapahapa Bujumbura. Akiba ya kanda itawekwa wapi, na nani atailipia? Swali hilo linapaswa kufika mezani kabla mpaka mwingine haujafungwa.