Usalama wa Mjenzi Uanzie Kwenye Ramani

Jengo la umma linapozinduliwa, hesabu hutolewa hadharani: vyumba vingapi, madawati mangapi, shilingi ngapi. Hesabu moja aghalabu haitajwi, nayo ni ya mafundi walioumia au kufa kabla utepe haujakatwa. Ukimya huo hauna budi kukoma, hasa wakati huu ambapo usimamizi wa ujenzi wa shule na zahanati nyingi umo mikononi mwa watumishi wa umma wenyewe.

Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kujenga vyumba 15,000 vya madarasa. Majengo mengi ya namna hiyo hujengwa kwa utaratibu uliozoeleka kwa jina la fosi akaunti, ambapo shule au kijiji hununua vifaa na kuajiri mafundi wa jirani badala ya kumpa kazi mkandarasi mkubwa. Utaratibu huo una nia njema ya kupunguza gharama. Hata hivyo, umemfanya mwalimu mkuu, mtendaji wa kata na wajumbe wa kamati kuwa wenye mradi. Na mwenye mradi ana dhamana ya uhai wa wale wanaomjengea.

Taifa hushtuka jengo linapoporomoka. Lilishtuka tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoanguka na kuua watu 36. Likashtuka tena Novemba 2024, maafa yalipotokea Kariakoo. Lakini saidia fundi anayeteleza kwenye mirunda huku amebeba karai la zege hafi mbele ya umati. Huzikwa kimya kimya, na mara nyingi lawama huzikwa naye: husemwa kwamba alizembea, au hakuvaa kofia ngumu.

Swali linalokwepwa ni hili: nani aliyeamua kwamba awe pale juu? Aliyeamua ni mchoraji, na mwenye mradi akatia sahihi. Kenchi zinazoweza kuunganishwa chini kisha zikainuliwa, zikipangwa kuunganishwa juu ya kuta, fundi atashinda hewani mchana kutwa. Ngazi ya kudumu ikiachwa iwe kazi ya mwisho, mifuko ya saruji ya kilo 50 itapandishwa kwa ngazi ya mbao. Shimo la choo likichorwa refu bila kupangiwa mbao za kuzuia udongo, mchimbaji amewekwa pembeni mwa mzigo ambao kila mita moja ya ujazo yaweza kufikia tani moja na nusu. Kofia ngumu haiondoi hatari hata moja kati ya hizo.

Jambo hili si geni duniani. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unawataka wabunifu wa majengo wazingatie usalama na afya ya wajenzi. Uingereza iliutungia kanuni wajibu wa aina hiyo mwaka 1994. Ilipojenga ukumbi wa mbio za baiskeli kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, nyaya za kubeba paa ziliunganishwa chini, ndipo zikainuliwa. Bustani nzima ya Olimpiki ilikamilika bila mjenzi hata mmoja kufa kazini.

Siku hizi zinanadiwa pia programu za simu za kuripoti hatari, na vifaa vya kuvaa vinavyopima mapigo ya moyo ya mfanyakazi. Si vibaya, mradi vipimwe kabla ya kununuliwa. Nchini Kenya, wagonjwa 538 walioanza dawa za UKIMWI waligawanywa kwa kura, na kundi moja likatumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kundi hilo lilishika dawa vizuri zaidi kuliko lile lisilotumiwa ujumbe. Lakini aliyejibu "Shida" alitafutwa na mhudumu wa afya. Simu ilifaa kwa sababu upande wa pili palikuwa na mtu mwenye wajibu wa kutenda. Simu ya kuripoti jukwaa bovu, pasipo mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, ni kelele tupu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Hata hivyo, fidia haimrudishi mzazi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya sahihi kuwekwa kwenye ramani, kila kamati imwulize mhandisi wa halmashauri mambo matatu: kazi ipi ya juu yaweza kufanywa chini, mafundi watapanda na kushuka kwa njia gani, na nani ana amri ya kusimamisha kazi hatari inapoonekana. Majibu yaandikwe, yasomewe mafundi, na yakaguliwe kila wiki.

Kufuta mstari wa penseli ni kazi ya dakika moja, na kuvunja zege ni kazi ya siku nyingi. Mafundi wa fosi akaunti ni wazazi wa kijiji hicho hicho. Ni aibu isiyovumilika mtoto kuingia katika darasa jipya hali yu yatima kwa sababu ya darasa hilo.